Mkasi Wangu, Mkono wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja, alikata majani ya kiota kwa mkasi wangu ili apate picha nzuri. Makinda watatu wakafa kwa jua. Kisha akasimama mbele ya wafanyakazi wote wa msitu akasema ni mimi niliyekata. Nimeanza na hilo ili anayesoma asije akachoka njiani akaondoka bila kulijua.

Mimi ni mfagiaji. Shule sikwenda. Herufi nilizijua nikiwa na watoto wawili tayari, kutoka kwenye vibao vya majina ya miti nilivyokuwa nikivifuta vumbi kila asubuhi. Kwa miaka kumi na mmoja nimefagia njia ya wageni, ile inayotoka getini, ikapanda ngazi za magogo, ikazunguka hadi kwenye kijito na kurudi. Mgeni huitembea kwa saa nzima na nusu saa ya kupumzika. Mimi na ufagio wangu tulikuwa tukiimaliza kabla chai ya ofisini haijachemka. Nilikuwa na reki, panga, na mkasi wa kupogolea matawi yanayowagonga wageni usoni. Mkasi huo nilikuwa nimeufunga kitambaa chekundu kwenye mpini, kwa sababu vya watu wengi havina mwenyewe, na nilitaka changu kiwe na mwenyewe. Kila mtu pale aliujua. Kumbe nilikuwa najifungia kamba shingoni.

Ndege mwenyewe ukimwona utauliza, ni huyu tu? Ni mdogo kuliko shomoro. Kichwa na kifua ni kijivu cha majivu yaliyopoa, mabawa ni kijani cha jani lililokomaa, miguu ni ya rangi ya nyama iliyooshwa. Jicho lina wekundu kidogo, kama la mtu aliyekosa usingizi. Mkia ni mfupi na ameusimamisha juu muda wote, utadhani kuna aliyemtukana. Mama yangu alimwita kibuzi, nami namwita hivyo hivyo, kwa sababu ukikaribia makazi yake hulia kama mwanambuzi aliyeachwa nyuma na kundi. Wageni wengi nimewaona wakiingia vichakani kumtafuta huyo mbuzi. Nilikuwa nawaacha watafute.

Kibuzi hapandi juu. Miti mirefu anawaachia wenye makuu. Yeye anakaa chini, penye giza la vichaka, kati ya goti la mtu na kifua chake, akirukaruka kwenye majani makavu na kuyapindua moja moja kutafuta wadudu. Ana sauti ya pili, kavu, kama mawe mawili yanagonganishwa, tek, tek, tek, na hiyo anaweza kuitoa mpaka ukachoka wewe. Akirukaruka kwa hasira mabawa yake yanatoa mlio kama mtu anayealisha vidole. Na hasira anazo. Nimemwona akimfokea dudumizi, ndege mkubwa mara kumi yake na mwizi wa makinda, mpaka dudumizi akaona aibu akaenda zake. Nilimpenda kwa hilo. Mimi sikuwahi kuwa na sauti ya namna hiyo.

Lakini jambo kubwa la kibuzi ni nyumba yake. Hajengi juu ya tawi kama wengine. Anachagua majani mapana, mabichi, yanayoota karibu karibu kwenye kichaka kifupi. Anatoboa kingo zake kwa mdomo, anapitisha uzi wa buibui tundu kwa tundu, anayashona pamoja. Ndani ya majani hayo ndipo anapotia nyasi laini na pamba za mimea. Majani yanaendelea kuwa hai yakiwa yameshonwa. Kwa hiyo mtu akipita haoni kiota, anaona kichaka. Majani yale ndiyo ukuta, ndiyo paa, ndiyo mlango. Nimelisema mara tatu kwa sababu shemeji nilimwambia mara tatu.

Sasa huyu shemeji. Mtaani wanamwita Flashi. Alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli ya kuzunguka, na kioo kilichopasuka pembeni. Watu walikwenda kwake kwa picha za vitambulisho na za harusi. Alikuwa na tabia ya kumshika mteja kidevu bila kumwomba ruhusa, "inua, inua kidogo, hapo hapo, usipepese," kama anapanga chupa mezani. Bibi harusi mmoja aliwahi kumpiga kibao mbele ya bwana harusi wake. Tulicheka sana mwaka huo, na dada yangu akacheka pia, wakati huo alikuwa bado anacheka.

Simu zilipoingia, kila mtu akawa mpiga picha wa uso wake, na studio ikabaki na pazia. Flashi akakaa nyumbani akimtazama dada yangu anavyopika. Baadaye akakutana na watu wanaopiga picha za ndege kwa mashindano. Akauza stuli na taa, akapata lenzi ndefu kama mchi. Ndipo aliponikumbuka. Miaka yote hajawahi kuja kwangu hata nilipougua, lakini siku hiyo alikuja na dada, wamebeba mkate.

"Shem," akaniambia, "wewe ndiye mwenye msitu. Bwana Miti ana makaratasi tu."

Bwana Miti ni mkuu wetu wa kazi pale msituni.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"He! Mbona unaniuliza kama askari? Nataka ndege mmoja tu. Mwenye kiota. Ambaye wenzangu hawajampata."

Dada akanikonyeza. "Msaidie, mdogo wangu, awe na kazi. Akishinda nyumbani ananimaliza. Jana amenikosoa namna ya kukata kitunguu."

"Na alikuwa anakikata vibaya," Flashi akasema, tukacheka wote watatu.

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka, na kesho yake nikampeleka mwenyewe.

Kiota kilikuwa hatua chache nje ya njia, nyuma ya gogo lenye ukungu, kwenye kichaka kinachonifika gotini; Bwana Miti nilikuwa nimeshamwambia habari zake. Makinda walikuwa na siku nne au tano, hawana manyoya bado, midomo tu. Nilimwonyesha pa kusimama. Nikamwonyesha jinsi mama mtu haji moja kwa moja: anatua pembeni, anashuka chini, anatembea kwenye majani makavu kama mtu asiye na habari, halafu anapenya kwa chini. Ukisogea sana, haji. Nikamwambia apige picha mama akiwa anaingia, arudi nyuma, basi.

"Lakini haonekani ndani," Flashi akasema. "Haya majani yananizuia."

"Hayo majani ndiyo kiota chenyewe."

"Sisi tuna namna yetu. Tunaita kufungua dirisha. Unaondoa kinachoziba, unapiga, umemaliza."

"Ukitaka, yavute kwa uzi, yafunge pembeni dakika chache, kisha yaachie. Usikate. Ndege wengine majani yao ni pazia. Huyu ni ukuta."

"Shem, unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha ndege. Mara ya tatu nasema: usikate."

Akainua mikono kama mtu aliyeshikwa na polisi. "Nimekoma, mwalimu."

Siku iliyofuata Bwana Miti alinipeleka upande wa kijito, mti ulikuwa umeangukia daraja. Nilichukua panga na shoka, mkasi nikauacha kwenye msumari wake ndani ya kibanda cha zana. Nilifanya kazi huko mpaka jioni. Niliporudisha panga na shoka, mkasi ulikuwa pale pale msumarini, na sikuutazama. Nani anautazama mkasi wake kila ukikaa mahali pake?

Asubuhi nilianza kufagia kama kawaida. Nilipofika usawa wa lile gogo sikusikia mbuzi wala mawe. Kibuzi mwenye makinda hanyamazi ukipita. Nikaingia kichakani, nikapiga magoti. Majani mawili ya mbele yalikuwa yamekatwa karibu na kikonyo, na la tatu lilikatwa nusu, linaning'inia kwa uzi wa buibui. Jua linaloingia pale mchana lilikuwa limepata njia. Makinda walikuwa ndani bado, wamekauka, midomo wazi, na siafu wameshajua.

Nilikuwa bado nimepiga magoti, mkono mmoja kwenye kiota, na mkasi wenye kitambaa chekundu umechomoza mfukoni mwa aproni, niliposikia sauti ya Bwana Miti ikisema kwa furaha, "Na hapa, wageni wetu, tuna kiota adimu ambacho mfanyakazi wetu..." Mama mmoja mgeni akaziba mdomo kwa kofia yake.

"Umefanya nini?" Bwana Miti akaniuliza.

"Sijafanya. Nimekuta."

"Na huo mkasi?"

Nikauvuta. Kwenye makali yake kulikuwa na utomvu wa majani umekauka, mweusi. Nikawaambia kwamba mimi hufuta mkasi wangu kila siku kwa kitambaa chenye mafuta. Niliposema hivyo nikaona macho yao, na nikajua kwamba nimejimaliza kwa mdomo wangu: kama hufutwa kila siku, basi utomvu ule haukuwa wa zamani.

Bila kupoteza muda nilikwenda kwa Flashi. Alikuwa amekaa mlangoni anafuta lenzi.

"Shemeji, jana ulichukua mkasi wangu?"

"Mkasi? Mimi? Shem, mimi natumia kamera."

Dada alikuwa anafua pembeni ya ukuta. Sikumuuliza kitu, lakini aliinama kwenye beseni akaanza kusugua shati ambalo lilikwisha takata.

Jumatatu kukawa na mkutano wa wafanyakazi, pale chini ya paa la bati tunapogawana kazi za wiki. Flashi aliitwa kwa sababu alikuwa na kibali cha kupiga picha. Bwana Miti akamuuliza aliacha kiota katika hali gani. Nilimtazama usoni. Nilikuwa bado na tumaini, nikasema moyoni, huyu amekula kwangu, hawezi.

Akakohoa. "Mimi niliacha kizima. Lakini nawaombeni msimhukumu vibaya. Shemeji yangu hana roho mbaya. Nadhani alitaka wageni waone vizuri, akapogoa kidogo. Hakusoma, hakujua."

Hapo ndipo aliponimaliza. Angenitukana ningejibu. Alinitetea. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na ukishaonewa huruma kwa kosa ambalo hukulifanya, kila unalosema baada ya hapo linasikika kama utukutu. Nilisema, "Ni yeye!" Mlinzi wa geti akanong'ona, sikio langu likadaka, "Sasa anamsukumia mwenzake."

Wakaninyang'anya mkasi. Wakabandika karatasi kwenye ubao wa geti: mfagiaji wa zamani wa njia haruhusiwi kuingia msituni bila kusindikizwa. Nikahamishiwa vyoo vya wageni na chumba cha mapokezi. Bombani wanawake wakanipa jina, Mama Mkasi. "Mama Mkasi, usinikaribie, kuku wangu ametotoa." Wanacheka, ndoo zinajaa, wanaondoka. Mwanangu mkubwa alipigana na mwenzake shuleni kwa ajili ya jina hilo, na nikamchapa mimi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa sina mwingine wa kumchapa.

Miezi mitano ikapita. Picha ya Flashi ikashinda kikombe. Ikachapishwa kwenye kalenda ya msitu, na nyingine kubwa ikawekwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa chumba cha mapokezi, chumba changu. Kila asubuhi nilifuta kioo kile kwa gazeti lililoloweshwa, na kila asubuhi niliangalia pembeni. Siku moja inzi alikuwa ameacha doa katikati, ikabidi nitazame ninachosugua.

Makinda watatu, hai, wamefungua midomo myekundu. Mama yao hayupo. Mbele yao, chini kushoto, jani limekatwa nusu, linaning'inia. Mahali palipokatwa bado pabichi, pana tone la maji ya jani. Uzi wa buibui unatoka kwenye tundu lake umekatika, umepata mwanga, unang'aa. Lile lile jani nililoliona kwa macho yangu asubuhi ile juu ya maiti.

Wageni wangapi walisimama pale? Majaji wangapi waliipa kikombe? Wote waliona jani. Hakuna aliyeona ukuta.

Nilimwita Bwana Miti. Alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Flashi alisema aliacha kiota kizima," nikamwambia.

"Mama, yale mambo tena?"

"Tazama ninapoonyesha, usinitazame mimi. Hapa pamekatwa. Makinda wako hai. Mimi siku hiyo nilikuwa wapi?"

Akafikiri. "Darajani."

"Uliponipeleka wewe. Nilipita na ufagio alfajiri, vikundi viwili vya watalii vikanipita, vikasikia mbuzi wao. Kiota kilikuwa kizima. Halafu nikaenda darajani mpaka jioni. Nani alibaki pale?"

Akasogeza pua mpaka kwenye kioo, chai ikamwagika kwenye sakafu niliyokwisha kuipiga deki. Niliona masikio yake yanakuwa mekundu, nikajua ameona.

"Kalenda zimeshakwenda kila mahali," akasema mwisho.

"Sijakuuliza kalenda."

Alimwita Flashi mchana huo. Sikualikwa, lakini ndoo yangu ilikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa na ndoo yangu. Flashi alianza kwa kukataa, kisha akasema haikumbuki vizuri siku hiyo, kisha akasema wapiga picha wote wanafungua dirisha, kisha akasema alikusudia kurudi kuyafunga kwa uzi ila betri ilikuwa imemwishia. Betri! Alipotoka alinikuta nimesimama.

"Shem," akasema kwa sauti ya chini, "sote tunajua. Imetosha. Mimi na wewe ni ndugu."

"Kaseme Jumatatu chini ya bati."

"Watanipokonya kikombe. Unataka niaibike?"

"Nataka uaibike kwa zamu yako. Aibu yako nimeibeba mimi miezi mitano, imenichosha."

Jioni dada akaja. Hakubeba mkate. Alikaa kwenye kizingiti changu, akavunja kijiti vipande vidogo vidogo.

"Nilimwona akirudi na majani kwenye kiatu," akasema. "Akaniambia nisiseme. Mdogo wangu, yule ndiye mume niliye naye. Ukimvunja, vigae vinaangukia kwangu."

"Na mimi nilipovunjwa, vigae viliangukia kwa nani?"

"Wewe una nguvu."

"Nani alikwambia?"

Akalia. Sikumfuta machozi. Nilikuwa nimemfuta mengi huko nyuma, ya yule yule mwanamume.

Kesho yake Bwana Miti aliniita akasema nirudi kwenye njia. Karatasi ya getini ataibandua yeye mwenyewe, jioni, watu wakishaondoka. Alikuwa ameninunulia mkasi mpya, mpini wa kijani. Aliuweka mezani, akausukuma kidogo upande wangu kama anamlisha paka.

"Karatasi ilibandikwa mchana," nikamwambia.

"Mama, ukubali tu yaishe."

"Yameisha kwako."

Nikauacha mkasi pale mezani. Bado nasafisha vyoo, na karatasi bado iko getini. Njia inafagiwa na mtu mwingine, mvivu, anarundika majani makavu pembeni na kuyachoma, majani yale yale ambamo kibuzi anatafuta chakula. Ninaambiwa upande ule mbuzi hasikiki tena. Ninaambiwa tu, maana kwa karatasi yao siruhusiwi kwenda kusikia mwenyewe.

Watu wananiuliza nataka nini zaidi, wakati ukweli umejulikana. Umejulikana na watu wanne, ndani ya vyumba vyenye milango. Uongo ulisemwa mbele ya watu thelathini na wawili, wamesimama, asubuhi, kwa sauti ya kusikika. Kwa hiyo bado nadai. Bwana Miti namdai anibandulie karatasi ile mchana kweupe, geti likiwa limejaa watu, na aseme ni kwa nini anaibandua. Dada yangu ana neno moja la kusema bombani, mara moja tu, siku jina lile litakapotamkwa na yeye yupo na ndoo yake. Flashi ana deni la kusimama chini ya bati Jumatatu yoyote anayoitaka, kidevu juu, asipepese, aseme kwamba alikata yeye, kwa mkasi ambao sikumpa, baada ya kukatazwa mara tatu na mtu ambaye hakusoma.